Usafi wa Sakafu Usiwe Adhabu ya Mgongo

Mgeni aingiapo nyumbani hutazama kwanza pale atakapokanyaga. Ndiyo sababu sakafu imekuwa kipimo cha heshima ya nyumba tangu zamani, na mwenye nyumba husifiwa au kusemwa kwa ajili yake. Lakini ni wachache wanaojiuliza sakafu hiyo imemgharimu nani, na imemgharimu nini.

Hapa Mpanda swali hilo lina uzito wake. Wakati wa kiangazi barabara za udongo hutimka vumbi jekundu, na vumbi halibishi hodi. Asubuhi sakafu ya saruji imeoshwa. Adhuhuri waweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Mvua zikianza, vumbi lile lile hugeuka tope na kuingia ndani pamoja na viatu. Desturi ya kupambana nalo ni moja: ndoo, sabuni, tambara, na mtu aliyepinda mgongo akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Aghalabu mtu huyo ni mwanamke au msichana.

Mwandishi wa safu hii anaye shangazi yake, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi ya usafi katika ofisi moja. Sasa amestaafu na anaishi nasi. Goti lake la kulia huvimba kila mara. Tabibu alimweleza kwamba mbele ya goti kuna kifuko kidogo chenye majimaji, nacho huvimba mtu anapopiga magoti mara kwa mara mahali pagumu. Waingereza waliupa uvimbe huo jina la watumishi wa nyumbani, kwa kuwa hao ndio waliokuwa wakiupata zaidi. Hata hivyo shangazi hakukubali kuiona sakafu chafu, wala hakukubali mtu mwingine amsafishie.

Kwa ajili yake tulinunua dekio sokoni, ambalo wengine huliita mopa. Lina mpini mrefu unaofika kifuani, kichwa cha nyuzi za pamba, na ndoo yake ina kikamulio chenye matundu. Chombo hiki si kigeni duniani. Huko Marekani Thomas Stewart alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wa dekio lake mwaka 1893. Huko Hispania, mwaka 1956, mhandisi Manuel Jalón wa Zaragoza alianza kutengeneza dekio pamoja na ndoo ya kukamulia, na wanawake wengi wa nchi ile wakaacha kuosha sakafu kwa magoti.

Tulilijaribu kwa majuma mawili katika sebule yenye sakafu ya niru na chumba kimoja chenye vigae, siku moja tambara, siku ya pili dekio. Kwa tambara tulitumia ndoo mbili za lita 10 na dakika 25. Kwa dekio tulitumia ndoo moja na nusu, na dakika 15. Katika mji ambamo maji ya bomba hukatika, nusu ndoo si kitu cha kudharau.

Shangazi mwanzoni alicheka. "Mwanangu," alisema, "sakafu isiyoguswa na mkono haijaoshwa." Siku ya nne alilichukua mwenyewe tulipokuwa kazini. Tuliporudi na kumwamkia, tulikuta sakafu imekauka na yeye ameketi barazani akichambua mchele. Hakutaja goti.

Ni haki kueleza na kasoro. Dekio halifiki vizuri pembeni wala chini ya kabati, na huko tambara bado lina kazi yake. Sakafu ya saruji yenye mikwaruzo huvuta nyuzi na kuzikata. Maji yasipobadilishwa, dekio huhamisha uchafu kutoka chumba hiki hadi kile. Likiachwa ndani ya ndoo likiwa limelowa, hunuka. Halina budi kusuuzwa, kukamuliwa na kuanikwa juani. Kabla ya yote sakafu ifagiwe, maana dekio si fagio. Tena dawa ya klorini isichanganywe kamwe na tindikali ya kusafishia choo, kwani mvuke wake huumiza mapafu.

Liko jambo jingine ambalo hatukulitarajia. Vijana wetu wawili wa kiume, ambao hawakuwahi kushika tambara, walilishika dekio bila kuombwa mara mbili. Huenda ni kwa sababu mtu husimama wima anapolitumia. Kama mpini mrefu waweza kuondoa udhuru wa namna hiyo, basi thamani yake imepita bei yake.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wasidhani habari hii ni ya bara peke yake. Neno deki lenyewe limetoka baharini, maana ni sakafu ya meli. Visiwani mchanga wa pwani huingia nyumbani kama vumbi letu, na nyumba ambamo watu huketi na kula juu ya mkeka haivumilii sakafu chafu. Kwao tunashauri mpini wa mbao au plastiki, kwani hewa ya chumvi hula chuma upesi.

Katika vijiji vyetu vingi sakafu bado ni ya udongo, na huko dekio halifai. Kazi ya kwanza huko ni saruji. Nchini Mexico serikali iliwawekea wananchi maskini sakafu za saruji, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba minyoo kwa watoto wadogo ilipungua kwa asilimia 78, na kuharisha kwa asilimia 49. Sakafu ngumu, basi, si anasa.

Mwisho tunawageukia viongozi. Tangu Katavi ilipokuwa mkoa mwaka 2012, ofisi mpya zimejengwa, nyingi zikiwa na sakafu ya vigae. Vigae hivyo vinang'aa kwa jasho la watu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri wa Tanzania Bara alinde afya ya mfanyakazi wake, na mfanyakazi wa usafi ni mfanyakazi. Tunashauri kwamba fungu la vifaa vya usafi katika ofisi, zahanati na shule lisiishie kwenye sabuni na matambara. Dekio na ndoo yake ni gharama ndogo kwa ofisi.

Kiongozi afikapo kazini kesho asubuhi na kukuta sakafu bado mbichi, na amtazame aliyeiosha, kama alikuwa amesimama au amepiga magoti. Sakafu safi ni fahari ya nyumba na ya ofisi, lakini fahari hiyo haifai kununuliwa kwa goti la mtu.