Gari kugoma kuwaka baada ya kuosha injini: Sikiliza kwanza, usilisukume

KUOSHA injini nyumbani ni jambo la kawaida kwa wamiliki wengi wa magari, hasa katika maeneo yenye vumbi na tope kama Galula, wilayani Songwe. Barabara inayotoka Mbalizi kwenda Mkwajuni kupitia kata hiyo huyaacha magari yakiwa na vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Tatizo huanza pale dereva anapomaliza kazi hiyo, akawasha gari, nalo likakataa.

Mara nyingi injini haijaharibika. Uharibifu mkubwa huja baadaye, dereva anapong'ang'ania ufunguo au kuita vijana wasukume. Kabla ya kufanya lolote, sikiliza sauti inayotoka unapowasha, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha maji yalikoingia.

Kama hakuna sauti yoyote na taa za dashibodi ni hafifu, anza na betri. Angalia kama vichwa vyake vimelegea wakati wa kuosha, kisha kagua fyuzi na rilei. Kwa gari la giya otomatiki, hakikisha giya ipo kwenye P au N.

Kama stata inazungusha injini vizuri lakini haiwaki, na gari ni la petroli, shuku maji kwenye mfumo wa umeme wa plagi. Koili hupandisha umeme wa betri wa volti 12 hadi maelfu mengi ya volti, na umeme huo hupotelea kwenye unyevu kabla ya kufika kwenye ncha ya plagi. Maji hupenda kutuama katika mashimo ya plagi, ndani ya distributa kwa magari ya zamani, na kwenye viunganishi vya sensa.

Tiba yake ni kukausha. Zima gari, ondoa waya wa hasi wa betri, kisha fungua koili au waya za plagi moja baada ya nyingine, ukiweka alama ili usizichanganye. Futa kwa kitambaa kikavu na puliza mashimo kwa upepo. Pasipo na kompresa, pampu ya baiskeli husaidia. Acha boneti wazi juani kwa saa kadhaa, jambo ambalo joto la Bonde la Rukwa hulirahisisha. Ukijaribu tena, usizidishe sekunde 10 kwa mara moja, na ipumzishe stata kabla ya kurudia.

Hatari kubwa ni pale stata inapogonga mara moja na injini kukwama, ilhali betri ina nguvu. Huenda maji yameingia kwenye silinda kupitia njia ya hewa. Maji hayagandamizwi kama hewa. Pistoni ikilazimishwa kupanda, mkono wake unaweza kupinda. Hapo usiwashe tena wala usisukume gari. Kagua chujio la hewa. Likiwa limelowa, plagi zitolewe na fundi ili maji yatoke. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwagwe kabla injini haijawashwa.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche, lakini isidhaniwe kuwa salama. Mgandamizo wake ni mkubwa zaidi, hivyo maji yakiingia kwenye silinda madhara huwa makubwa.

Wapo wanaoosha injini kwa petroli. Mvuke wake hushika moto kwa cheche moja tu, hata ya stata. Aliyefanya hivyo asijaribu kuwasha gari wala kupima cheche za plagi hadi petroli yote ikauke na harufu iishe kabisa.

Ni vyema kuzuia kuliko kutibu. Subiri injini ipoe, funika kwa mifuko ya plastiki njia ya hewa, alternata, koili na kontroli boksi, kisha tumia brashi, sabuni na kitambaa chenye maji kidogo badala ya mpira wa maji wenye nguvu. Kwa mkazi wa Galula, kusubiri nusu siku gari likauke ni nafuu kuliko kulivuta hadi Mbalizi kwa ajili ya injini mpya.