Moyo wa Mhudumu Nao Huchoka

Tarehe 3 Desemba 2023, Dominika ya kwanza ya Majilio, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Kwetu Nangara msiba huo haukuwa wa mbali, kwa kuwa Katesh ni mkoa wetu wa Manyara na jimbo letu la Mbulu.

Katika msiba wa namna hiyo tunawaombea marehemu na kuwachangia waliobaki. Ni rahisi kuwasahau waliofukua tope, walioosha majeraha, walioandaa maiti na waliokaa na wafiwa. Nao hubeba kitu.

Wataalamu hutaja mizigo miwili. Wa kwanza ni uchovu wa huruma, ambao mwanasaikolojia Charles Figley aliuandikia kitabu mwaka 1995. Huu waweza kuja polepole: muuguzi aliyekuwa mpole anakuwa mkali, padre anazika bila kuguswa, katekista anakwepa kwenda kwa wagonjwa. Wa pili ni jeraha la moyo linalotokana na mateso ya wengine. Hili laweza kuja ghafla, hata baada ya tukio moja: ndoto za kutisha, picha zinazorudi bila kuitwa, kushtuka kila mvua inaponyesha.

Hali hizi si dalili ya imani haba. Nabii Elia, baada ya kazi kubwa, alilala chini ya mti akiomba kufa (1 Fal 19). Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, na baadaye ndipo akamtuma tena. Yesu naye aliwaita mitume waliorudi kazini wakapumzike kidogo mahali pa faragha (Mk 6:31).

Tufanye nini basi? Kwanza, tupokezane zamu. Asiwepo mtu mmoja wa kubeba kila msiba wa kigango. Pili, tule, tulale na tusali kwa wakati, hata kazi ikiwa nyingi. Tatu, tuseme yaliyotupata. Siri ya kitubio haivunjwi kamwe, lakini padre anaweza kumweleza mlezi wake wa kiroho uchovu wake mwenyewe bila kugusa la muungamaji yeyote. Nne, dalili zikidumu zaidi ya mwezi mmoja, au mtu akitamani kufa, twende hospitali kwa wataalamu wa afya ya akili. Akitamani kufa, tusingoje mwezi uishe. Sala na tiba havipingani.

Ninyi waseminari mnajiandaa kuwa wachungaji wa watu wenye majonzi. Jifunzeni mapema kusema, "Ndugu yangu, leo nimelemewa." Nanyi waamini, mnapomwona paroko, sista au muuguzi wenu amenyamaza kuliko kawaida yake, msimwombe huduma tu. Mkaribisheni chakula, kisha mmuulize: na wewe, u hali gani?