Lugha ya Amri katika "The Devil Wears Prada"

Riwaya ya Lauren Weisberger iitwayo The Devil Wears Prada ilitolewa Marekani mwaka 2003, na wengi waliipokea kama kitabu cha kusomea safarini: chepesi, cha kuchekesha, kisichomtaka msomaji afikiri sana. Sifa hiyo si ya uongo. Hata hivyo, mwanafunzi wa lugha atakayeipuuza kwa sababu hiyo atakuwa amepitwa na jambo, maana kicheko cha kitabu hiki chatoka zaidi katika namna watu wanavyosemeshana kuliko katika mambo yenyewe yanayotendeka.

Kisa chake ni rahisi. Andrea Sachs, msichana aliyehitimu Chuo Kikuu cha Brown, atamani siku moja kuliandikia gazeti la The New Yorker. Badala yake apata kazi ya msaidizi mdogo wa Miranda Priestly, mhariri mkuu wa Runway, gazeti la mitindo ya mavazi. Yasemwa kwamba akivumilia mwaka mmoja tu, atachagua kazi yoyote aitakayo. Basi huleta kahawa ikiwa bado moto, hushughulikia nguo zipelekwazo kwa dobi, na usiku hupeleka nyumbani kwa Miranda nakala ya gazeti linalotayarishwa. Simu haimpi nafasi ya kula. Mwanzoni mwa kitabu msomaji amkuta akipambana na gia za gari la Miranda katika barabara za Manhattan, na miguuni amevaa viatu vya visigino virefu. Weisberger mwenyewe alikuwa msaidizi wa Anna Wintour katika gazeti la Vogue, na kwa hiyo watu walishika kutafuta nani ni nani. Utafutaji huo bila shaka ulisaidia kukiuza kitabu, lakini hauelezi kwa nini hadithi yamchekesha hata mtu asiyepata kulisikia jina la Vogue.

Sababu yapatikana katika amri za Miranda. Karibu zote zina upungufu. Mathalani, ataka anwani ya duka la vitu vya kale ambamo aliona kabati lililompendeza. Jina la duka hataji, na Andrea hana budi kuzunguka mitaa akiuliza duka baada ya duka. Katika mazungumzo ya kawaida, msemaji ndiye mwenye wajibu wa kusema kwa uwazi, na msikilizaji asipofahamu huuliza. Hapa wajibu huo umegeuzwa. Msikilizaji amepewa kazi mbili, kwanza kuvumbua kilichotakwa, kisha kukileta. Na kuuliza ni kosa. Mamlaka ya Miranda hayahitaji makelele. Yatosha kwamba yeye hana haja ya kueleweka. Hata jina la msichana si lazima alipate sawasawa: mara nyingi humwita Emily, ambalo ni jina la msaidizi mkubwa.

Andrea ndiye asimuliaye, tena kwa nafsi ya kwanza, naye ana sauti mbili. Mbele ya Miranda husema maneno machache ya utii. Kwa msomaji hutoa sentensi ndefu zilizojaa dhihaka, na wale wanawake wa ofisini awapachika jina linaloiga mlio wa visigino vyao sakafuni. Kwa kadiri kurasa zinavyokwenda, sauti ya utii yavuka mpaka. Alex, mchumba wake aliye mwalimu, na Lily, rafiki yake, huanza kupata majibu mafupi ya haraka kama kwamba nao ni kazi za ofisini. Lily apatwa na ajali ya gari na kupoteza fahamu wakati Andrea yuko Paris pamoja na Miranda. Ndipo dhihaka iliyokuwa ya msomaji peke yake yatamkwa kwa sauti, kwa neno la matusi, na kazi yamponyoka papo hapo. Baada ya hapo mwandishi aharakisha mno kuyatengeneza mambo. Udhaifu mwingine ni kwamba habari za Miranda mwenyewe zapitwa upesi: huyu alizaliwa Miriam Princhek, binti wa familia maskini ya Kiyahudi mashariki mwa London, akaliacha jina lake na matamshi ya kwao. Mtu aliyejiunda upya kwa lugha alistahili zaidi ya kurasa chache. Filamu ya mwaka 2006, ambamo Meryl Streep alicheza kama Miranda, ilimpa utu zaidi, ingawa kwa njia nyingine.

Mfasiri wa Kiswahili atakayejaribu kitabu hiki atakutana na matatizo ambayo Kiingereza hakina. La kwanza ni ngeli. Kiingereza chaweza kuonyesha kitu bila kutoa dalili yoyote ya jina lake, Kiswahili hakiwezi. Ukisema "kile" au "lile", umekwisha kumpunguzia msikilizaji nusu ya fumbo. Kimbilio lililobaki ni "ile", ambayo yaweza kuwa barua, nguo, simu au kalamu.

La pili ni zito zaidi. Amri tupu, "Lete!", ina historia yake Afrika Mashariki. Ni lugha ya kisetla, ya barazani na jikoni, iliyofundishwa kwa vijitabu vya kuamuru watumishi, na mwenye kuisoma leo haoni kichekesho bali aona bwana na boi. Andrea ni msomi aliyejichagulia kazi, naye aweza kuondoka siku yoyote. Uhuru huo ndio unaoruhusu kicheko. Kwa hiyo "Uniletee" yafaa zaidi: ina adabu usoni, lakini haiachi nafasi ya jibu. Na kwa yale maneno mafupi ambayo Miranda huyatumia kumaliza mazungumzo na kumfukuza mtu mbele yake, Kiswahili kina "Basi", wala hakuna haja ya kutafuta jingine.

Lakini Andrea amwite nani? Ofisini New York humwita Miranda, jina tupu, nalo halimshangazi mtu. "Mama" lingeleta upendo usiokuwapo. "Bibi Miranda" lingeongeza heshima ambayo dhihaka haiihitaji. Afadhali jina libaki tupu, na msomaji wa Kiswahili ashtuke kidogo kila anapolikuta.