Oka Jioni, Watoto Wale Asubuhi



Katika vijiji vingi vya hapa Eldoret, kuanzia Moiben hadi Kesses, mtoto huamka kabla ya jua, anapewa kikombe cha chai, halafu huyo, anashika njia ya shule kwenye baridi. Chai hupasha tumbo moto lakini haishibishi. Ikifika saa nne mtoto anasinzia darasani, na mwalimu anadhani ni mvivu. Na nyumbani kwao mara nyingi maziwa, mayai na nafaka vipo! Kinachokosekana ni nafasi: mama ana ng'ombe wa kukamua, moto wa kuwasha na watoto wa kuvalisha, yote saa moja.

Ndiyo maana tunashauri chakula cha asubuhi kiokwe jioni.

Wengine huoka oti za dukani kwa maziwa na matunda. Oti ni ghali, lakini wimbi letu linaiweza kazi hiyo. Gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, madini ya kujenga mifupa na meno. Mahindi hayafikishi hata 30. Wazee wetu waliokula ugali na uji wa wimbi hawakukosea.

MAHITAJI (watu 6)
- Unga wa wimbi, vikombe 2 (mwenye oti atie oti)
- Unga wa ngano, vikombe 2
- Beking pauda, vijiko vya chai 4
- Sukari, nusu kikombe, na chumvi kidogo
- Ndizi mbivu 4, zilizopondwa
- Mayai 2
- Maziwa yaliyochemshwa yakapoa, kikombe 1 na nusu
- Mafuta ya kupikia, robo kikombe
- Karanga zilizotwangwa, nusu kikombe

JINSI YA KUOKA
1. Chukua sufuria kubwa, tia mchanga mkavu kimo cha vidole viwili, weka mawe madogo matatu juu yake. Funika, uweke jikoni ipate moto kwa dakika 10.
2. Changanya vitu vikavu pamoja na karanga. Kando, piga mayai, maziwa, mafuta na ndizi. Unganisha vyote, ukoroge kidogo tu. Ukiona ni kizito mno, ongeza maziwa.
3. Mimina ndani ya sufuria ndogo iliyopakwa mafuta. Isijae, kwa maana kitaumuka.
4. Iweke juu ya yale mawe, funika sufuria kubwa, kisha weka makaa juu ya kifuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo chini kitaungua na juu kibaki kibichi.
5. Ngoja dakika 45 hadi saa moja. Chomeka kisu katikati. Kikitoka kikavu, kimeiva.

Kikipoa, kifunike kwa kitambaa safi. Asubuhi kata vipande, mpe kila mtoto pamoja na maziwa au uji. Chai ingoje baadaye, kwa sababu ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma, yale ya kuongeza damu. Maliza chakula hiki kwa siku mbili.

TAHADHARI MBILI
Kwanza, okeni nje au jikoni penye hewa. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari na usiku ni baridi, lakini jiko la makaa lisiingizwe chumba cha kulala hata kidogo. Hewa yake ya sumu haina harufu, na imeua watu wakiwa usingizini.

Pili, nafaka au karanga zenye ukungu msile. Mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walikufa huko Ukambani kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Anikeni vizuri kabla ya kuweka ghalani.

Kwa vikundi, hebu jaribuni hivi: nunueni gunia la wimbi pamoja wakati wa mavuno, msage, mgawane. Na jambo moja la kukubaliana nyumbani, baba na mama: maziwa ya jioni yasiuzwe yote. Kikombe na nusu kibaki cha watoto.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.