Mkwaruzo wa pua uliotaka kula milioni mbili za mjane

Kuna watu ukiwatajia neno spoila wanafikiri ni urembo tu wa vijana wa mjini, kama hereni au cheni ya bandia. Na kweli wapo wanaoibandika kwenye magari ambayo hayafiki kilomita 80 kwa saa hata yakishuka mlima. Lakini kile kidevu cha mbele kinachokaa chini ya bampa kina kazi yake. Gari likienda kasi, upepo unaoingia chini hunyanyua pua na usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli. Spoila inaupunguza upepo ule, mwingi unapita pembeni na juu. Porsche waliiweka kwenye 911S za mwaka 1972 kwa sababu hiyo, na magari mengi ya michezo yaliyofuata yakaja na kidevu chake.

Sasa magari hayo yalitengenezwa kwa barabara za wenzetu, sisi tunayapandisha matuta. Na usiombe likawa tuta la mtaani, lile lililojengwa na wananchi wenye hasira baada ya mtoto kugongwa. Halina vipimo wala huruma.

Nayasema haya kwa sababu mwaka jana, mwezi wa nne, masika yamekolea, nilitolewa jasho na spoila moja hapa Dar es Salaam. Ilikuwa ya Celica ya marehemu baba mdogo, zile za kizazi cha saba ambazo Toyota walizitengeneza kuanzia 1999 wakaacha mwaka 2006. Rangi ya fedha, milango miwili, pua imechongoka kama samaki.

Mzee alikuwa haambiliki juu ya Celica. Ukikaa naye barazani atakuhesabia Safari Rally ya Kenya kama anasoma dua: Celica ilishinda 1984, 1985 na 1986, ikarudi 1990, kisha 1992 mpaka 1995 mfululizo. Mwaka 1993 ndio alikuwa anasimama kabisa, maana Celica zilichukua nafasi nne za kwanza. Mwaka 1994 dereva alikuwa Ian Duncan, mtu wa Kenya. La kwake yeye halijawahi kushindana na chochote zaidi ya daladala za Mbagala, lakini sifa alizipokea kana kwamba alikuwa kwenye usukani.

Alipofariki aliacha Celica, na deni la mkopo la Sh 9,400,000 ambalo dhamana yake ilikuwa nyumba. Mama mdogo alithibitishwa na mahakama ya mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, akakaa na wanawe, wakakubaliana gari liuzwe. Dalali akaleta mnunuzi kutoka Morogoro. Bei ikafungwa Sh 11,500,000, mtu arudi Jumamosi na hela zake. Hapo mama mdogo alishapiga hesabu: deni liishe, kisha Sh 1,200,000 ziende kwenye ada ya binti yake anayesoma uuguzi, ambaye chuo kilishamwambia bila ada asiingie kwenye mtihani.

Kasheshe ikaanza Jumapili. Dalali akaomba gari "likapimwe injini." Likarudi Jumatatu usiku, likaegeshwa pua imeelekea ukutani. Asubuhi mama mdogo anazunguka mbele, anakuta spoila imechanika upande wa kulia, inaning'inia, imekwaruzwa toka mwanzo mpaka mwisho kama imesagwa na grenda.

"Mama, hii ilikuwepo tangu mwanzo," dalali akasema bila kupepesa macho.

Anamwambia hivyo mwanamke aliyelifuta gari lile kila Ijumaa kwa miaka zaidi ya kumi! Na kabla jua halijapanda, mnunuzi alishatumiwa picha za ule mchubuko kwenye simu, na bei ikashuka mpaka Sh 9,500,000. Nani alizituma, na kwa haraka gani, sisemi. Msomaji wangu una akili zako.

Mama mdogo akanipigia. "Baba, njoo uone gari la baba yako lilivyofanywa." Kabla sijafika alishampigia mnunuzi mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. Akamuuliza, akija Jumamosi akikuta pua iko sawa, bei inarudi? Jamaa akajibu ataona kwa macho yake. Tukawa na siku nne.

Kitu cha kwanza unapoona mkwaruzo usikimbilie rangi. Pitisha ukucha. Ukucha ukiteleza, mchubuko uko kwenye kilia tu, ile rangi ya juu inayong'aa kama kioo, na hapo msasa mlaini wa maji na dawa ya kusugulia vinaweza kumaliza kazi. Ukucha ukinasa, umeshafika kwenye rangi yenyewe au chini zaidi. Wa kwetu ukucha haukunasa tu, ulizama. Na ubaya zaidi, masikio mawili ya kufungia bolti yalikuwa yamekatika. Kidevu kilichokatika masikio ukikiziba na gundi kinadanganya siku mbili, tuta la tatu kinabaki barabarani. Nikaamua ibadilishwe.

Tukashuka Gerezani. Pale ukiuliza spoila ya Celica unaletewa vijana wanne na kila mmoja anasema yake ndiyo orijino. Mmoja ana ya faiba, mpya, Sh 90,000. Mwingine ana ya plastiki laini, mtumba kutoka Japani, imechubuka kidogo, Sh 140,000. Watu wengi wangechukua mpya ya bei rahisi. Mimi nilizigeuza zote mbili mgongo. Ile ya faiba ilikuwa na nyuzi nyuzi kama katani, na ukingo wake ulikuwa na kichomi. Faiba ni ngumu, ikigonga tuta inapasuka. Ile nyingine mgongoni ilikuwa na muhuri wa herufi PUR, yaani poliyurethani. Ukiikunja inakubali, ukiiachia inarudi. Kuna nyingine utakuta zimegongwa PP, hizo ni polipropilini, na hizo rangi haishiki mpaka upake kwanza praima maalumu ya plastiki, la sivyo inabanduka vipande vizima kama ganda la yai.

Nikalipa 140,000. Mama mdogo akanitazama kama mtu aliyerogwa, maana fedha zile nilizitanguliza mimi na zingekatwa kwenye gari. Tukaipachika palepale mtaani kabla ya kitu kingine. Hili nakusihi: spoila ijaribiwe kwenye gari ikiwa haijapigwa rangi. Matundu yakipishana ukaanza kutoboa rangi mbichi, umekwisha. Ya kwetu ilikaa, ila upande wa kushoto ilibidi ilainishwe kwa maji ya moto ili ifuate mstari wa bampa.

Fundi wa kwanza tuliyempata alikuwa na maneno mengi. Akasema rangi ataichanganya kwa jicho, "hii silva tu, bosi," na plastiki ataisafisha kwa petroli. Nikachukua spoila yangu. Petroli na tina kali zinazila plastiki nyingine, na rangi ya fedha ndiyo ngumu kuliko zote kulinganisha kwa sababu ndani ina vumbi la madini linalobadilika kadiri linavyolala.

Tukampata mzee mmoja Ilala, nyuma ya gereji ya watu, kibanda cha mabati na turubai. Huyu alianza kwa kufungua mlango wa dereva na kusoma kibati cha kiwandani. Kwenye Toyota tafuta palipoandikwa C/TR, herufi na tarakimu zinazofuata ni namba ya rangi. Kwa mfano ile nyeupe unayoiona kila mahali ni 040. Akaniandikia namba yetu kwenye kipande cha boksi, akanituma duka la rangi, na akanipa kifuniko cha tangi la mafuta niende nacho. "Namba ni ya gari mpya," akasema. "Hii imekaa juani miaka ishirini." Na kweli, dukani mashine ilitoa rangi yenye kung'aa kuliko gari. Wakaongeza tone hapa na pale mpaka ikafanana na kile kifuniko. Rangi, praima, kilia na hadina yake, misasa na kitambaa cha vumbi vikala Sh 95,000.

Jumatano yote mzee hakushika bunduki ya kupulizia. Aliosha spoila kwa sabuni ya vyombo mara mbili, akaifuta kwa dawa ya kutoa mafuta, akaanza msasa namba 320 pale palipochubuka. Akaziba kwa puti ya plastiki, ile inayokubali kukunjika, maana puti ya bodi ya bati ikikunjwa inatoa nyufa. Akasugua tena, namba 400. Kisha praima. Mtu anayelipa huwa anafikiri analipia rangi, kumbe tisa ya kumi ya kazi ni mchubuo huu usioonekana.

Alhamisi mvua ikashuka na umeme ukakatika. Kompresa kimya. Mama mdogo alipiga simu mara sita. Mzee hakubabaika, alikaa anasugua praima kwa maji na msasa 800, akawa anafungua koki ya chini ya tangi la kompresa kumwaga maji. Hewa ya Dar ina unyevu, na tone moja la maji likipita kwenye bomba linatoa kidonda kwenye rangi. Mafuta ya nywele na dawa ya kung'arisha matairi nazo ni adui, zina silikoni, rangi ikizigusa inakimbia na kuacha vitobo kama macho ya samaki.

Ijumaa asubuhi umeme ukarudi. Mzee akamwagia sakafu maji vumbi lilale, akavaa barakoa yake yenye vichujio viwili mashavuni. Kijana wake alikuwa amejifunga leso. Hapa nisiposema nitakuwa nimekosea: hadina ya kilia ina isosayanati, kemikali inayoleta pumu ya maisha, na leso haizuii kitu. Nilimwambia mzee, akamtoa kijana nje, lakini najua wiki iliyofuata alirudi na leso yake.

Mikono mitatu ya rangi, kila mmoja ukiachwa ufifie kwanza. Ilipokauka tukaipeleka juani kando ya gari. Msomaji wangu, moyo ulinidondoka. Spoila ilikuwa nyeusi kuliko bampa, kila mtu angeona. Kijana akalaumu duka. Mzee akazunguka, akaitazama kwa ubavu, akasema duka halina kosa. Mkono wa mwisho ulikuwa mzito. Rangi ya fedha ikipulizwa nzito, vile vipande vya madini vinazama na kulala ovyo, mwanga haurudi. Akasubiri, akapita tena kwa mbali kidogo, mkavu, bunduki haitulii mahali pamoja. Mkono mmoja, mwepesi kama pumzi. Tukairudisha juani, ikafanana. Kama angeshapiga kilia juu yake, tungeanza upya kwenye msasa na Jumamosi ingetukuta hapo.

Kilia mikono miwili saa sita mchana, ikalala usiku kucha kwenye kamba mbili ndani ya turubai. Asubuhi tukaifunga kwa spana namba 10, na uchafu mmoja uliodondokea kwenye kilia mzee akautoa kwa msasa 2000 na dawa ya kusugulia. Kazi yake Sh 150,000. Jumla yote 385,000.

Mnunuzi akafika saa tisa, na dalali nyuma yake. Mama mdogo hakutaka uongo, akamwambia kabisa: pua ilivunjwa wiki hii, tumeibadilisha, rangi ni ya jana. Jamaa akachutama, akapitisha ukucha kwenye maungio, akalala chini kabisa na shati lake jeupe kutazama bolti. Akakaa huko muda ambao mimi niliuona mrefu. Akainuka, akasema 11,500,000 haiwezekani, atatoa 11. Mama mdogo akaniangalia, mimi nikaangalia chini. Akakubali.

Fedha zikahesabiwa mezani. Deni 9,400,000. Zangu 385,000. Ada ya binti 1,200,000. Zikabaki elfu kumi na tano. Dalali akasogea, akakohoa, akaulizia chake. Nikaingia ndani, nikatoka na ile spoila iliyochanika, nikamwekea miguuni. Akasema ana haraka, atapita siku nyingine.

Mnunuzi nilimpa masharti ya fundi: mwezi mzima asiipake nta wala asiioshe kwa mashine ya presha, kilia inaendelea kukomaa. Akaitikia, akawasha. Mwisho wa mtaa wetu kuna tuta. Tulisimama wote getini kumtazama. Akalikata kwa ubavu, gurudumu moja moja, taratibu, na kidevu kikapita juu bila kugusa.