Masharti ya Shahada za Juu za Isimu na Nafasi ya Lugha za Singida

Kinyaturu husikika zaidi katika wilaya za Singida na Ikungi, Kinyiramba Iramba na Mkalama, Kiisanzu Mkalama, na Kigogo na Kikimbu upande wa Manyoni na Itigi. Hizo zote ni lugha za Kibantu. Wataturu wanazungumza lugha ya Kiniloti, na wilayani Mkalama, kuelekea Ziwa Eyasi, wamo Wahadzabe. Lugha yao yenye vidoko haijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani, na wazungumzaji wake wanakadiriwa kuwa takriban 1,000 tu.

Kwa mwanafunzi wa isimu, yaani taaluma inayochunguza lugha kisayansi, mkoa wenye utajiri wa namna hiyo ni shamba la utafiti. Mwananchi anayebishiwa hodi na mgeni mwenye kinasa sauti ana haki ya kufahamu mgeni huyo anatafuta nini na anapaswa kuwa na nini mkononi.

Katika mfumo wa tuzo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), shahada ya kwanza ipo ngazi ya 8, uzamili ngazi ya 9 na uzamivu ngazi ya 10. Mwombaji wa uzamili katika isimu anatakiwa kuwa na shahada ya kwanza, kwa kawaida ya isimu, lugha au ualimu wa lugha, yenye ufaulu uliowekwa na chuo husika. Maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni, na aliyesoma nje ya nchi huanza kwa kuomba shahada yake itambuliwe na TCU. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha isimu katika ngazi hizo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo mkoani Singida, jambo linalomfaa mwalimu asiyeweza kuacha kazi.

Darasani husomwa fonolojia, mofolojia, sintaksia, semantiki na mbinu za utafiti. Sehemu hiyo wengi huimaliza. Kinachowachelewesha ni tasnifu, ambayo huanza na pendekezo la utafiti na kuishia kwa watahini.

Tasnifu huhitaji data, na data ya lugha ipo vinywani mwa watu. Mfano mmoja unatosha: katika Kinyaturu, toni ya juu ambayo kwa asili ni ya silabi moja husikika katika silabi inayofuata. Mzungumzaji hufanya hivyo tangu utotoni bila kufundishwa. Mtafiti hulazimika kurekodi mamia ya maneno ili aione kanuni hiyo.

Kabla ya kurekodi neno lolote, mwanafunzi hupewa na chuo chake barua ya kibali cha utafiti. Barua hiyo hupokelewa na Katibu Tawala wa Mkoa, kisha hushuka wilayani au katika halmashauri, kwenye kata, hadi kwa Mtendaji wa Kijiji. Mtafiti kutoka nje ya nchi huhitaji pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH).

Hata hivyo, kibali cha ofisi si ridhaa ya mzungumzaji. Mzee anayeombwa kusimulia hadithi za ukoo anaweza kukataa, kusitisha mahojiano, kutaka jina lake lisiandikwe, au kuuliza sauti yake itahifadhiwa wapi na nani ataisikiliza. Ni maswali ya haki, na mwanafunzi aliyeandaliwa vyema huja na majibu yake.

Kwa shahada ya uzamivu, utafiti huo huchukua miaka mitatu au zaidi, na mtahiniwa huitetea tasnifu yake mbele ya jopo. Jopo hilo humuuliza pia jinsi data ilivyopatikana na kwa ridhaa ya nani.