Banyanga: Watu Walioupa Kisogo Mlima wa Moto

Mgeni atokaye Goma kwa njia ya Sake na Masisi, akaendelea magharibi hata akafika Nyabiondo, hupita katika safari moja nchi mbili zisizofanana: nyuma yake huacha vilima vilivyo wazi, malisho ya ng'ombe na baridi ya alfajiri, na mbele yake msitu humfungia upeo wa macho, msitu uendao kupita Kashebere na Walikale mpaka ukingo wa mto Lualaba. Nyabiondo imekaa penye kizingiti cha nchi hizo mbili. Kwa hesabu ya serikali ni sehemu ya Masisi, katika sekta ya Osso-Banyungu, na wenyeji wake wa asili ni Bahunde. Lakini maji ya mto Osso huteremkia Lowa, na watu nao, tangu kale, wameteremka pamoja na maji, hata imekuwa hapo maharage ya mlimani na mawese ya msituni hukutana sokoni, na wanaoyauza huulizana habari za wakwe.

Watu ninaotaka kuwasimulia leo ni wale waliovuka kizingiti hicho wakaingia ndani: Banyanga, ambao sisi wa Kiswahili cha pwani tungewaita Wanyanga. Si kabila kubwa. Mtaalamu Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyekaa kwao katika miaka ya 1950, aliwahesabu kuwa watu wapatao 27,000 tu, waliotawanyika katika vijiji vidogo vya milima yenye msitu, katika nchi za Kisimba, Ihana, Ikobo, Luberike na jirani zake, ambazo leo zimo katika sekta ya Wanianga, wilayani Walikale. Walakini uchache wao haukuwazuia kuhifadhi tarehe yao. Nami nimeona kwamba mwenye kutaka kuifahamu hana budi kuitafuta, si katika daftari, bali katika mambo matatu: dini yao ya kale, lugha yao, na hekaya zao.

Tuanze na dini, maana hapo ndipo penye ajabu. Banyanga ni watu wa msituni kwa kila hali. Huwinda kwa nyavu na mitego, na kwa mbwa waliofungwa njuga shingoni ili mwindaji awasikie pale asipoweza kuwaona. Hupanda migomba, na pombe ya ndizi kwao ndiyo ikamilishayo posa, mazishi na suluhu. Msitu wao ni mnene hata mtu aweza kukaa siku nyingi asiuone mlima ulio mbali. Pamoja na hayo, itikadi yao ya kale huyaweka makao ya Nyamurairi, mwenye kuumiliki moto, katika milima ya volkano iliyo mashariki, karibu na ziwa Kivu. Na huko chini, katika nchi ya kuzimu iliyo baridi na tupu, ndiko waendako waliokufa. Sikio lililozoea lugha za Kibantu halitakosa kusikia kwamba jina Nyamurairi na jina la mlima Nyamulagira ni ndugu wa tumbo moja. Basi na tujiulize: watu ambao hawauoni moto ule kutoka majumbani mwao, na ambao msitu wao una mapango, mito na vilele vya kutosha kukaliwa na mizimu, waliutolea wapi mlima huu? Nionavyo mimi, hawakuutoa popote. Waliondoka nao.

Masimulizi ya wazee yanakubaliana na dhana hiyo. Yasema kwamba mababu walitoka mashariki, upande wa Bunyoro na Toro katika nchi iitwayo sasa Uganda, wakauvuka mto Semliki, wakaja kusini na magharibi pamoja na watu waliokuja kuwa Bahunde na Batembo. Kisha ndugu hao wakagawana njia, Bahunde wakakaa katika vilima vya Masisi penye upepo, na Banyanga wakashuka msituni. Hayo yalikuwa karne kadhaa zilizopita. Hata hivyo, msomaji mwenye hadhari na ajue kwamba katika nchi za Maziwa Makuu nyumba nyingi za kifalme hupenda kujinasibisha na Bunyoro, kwa kuwa jina la Kitara, dola ya kale ya huko, lilikuwa na heshima kubwa, na mwenye kutawala hutaka nasaba ing'aayo. Hivyo pengine masimulizi haya ni habari ya koo za watawala zaidi kuliko habari ya kila mke na mume waliojenga nyumba katika msitu ule. Kabila halisafiri kama msafara wenye kirangozi mmoja na bendera. Huja ukoo, ukafuatwa na ukoo, wengine wakakuta wenzao wameshaoa kwa wenyeji na kuisahau nusu ya maneno waliyokuja nayo.

Na katika lugha twaiona hali hiyo hiyo. Mwingereza Malcolm Guthrie, alipozipanga lugha za Kibantu kwa mafungu, alikiweka Kinyanga fungu moja na Kikonzo na Kinande, lugha za watu wa Ruwenzori na Beni na Lubero, yaani njia ile ile ya Semliki ambayo wazee huitaja. Baadaye wataalamu wa Tervuren, huko Ubelgiji, walipozikusanya lugha za Maziwa Makuu katika fungu lao peke yake, walizitia humo Kikonzo, Kinande na hata Kihunde, lakini Kinyanga wakakiacha nje, pamoja na lugha za magharibi. Watu wenye elimu walikiangalia kitu kimoja, mmoja akauona uso wake na mwingine akakiona kisogo. Mimi sioni kwamba mmoja wao alikosea sana, kwa sababu lugha ya watu waliotoka mlimani wakazaliana na watu wa msitu itakuwa na nini, kama si nyuso mbili?

Maana msitu ule haukuwa mtupu. Walikuwamo Watwa, na walikuwamo Baremba, wawindaji wa kale ambao Banyanga wenyewe huwakiri kuwa waliwatangulia katika nchi. Na hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Tumezoea kusoma kwamba kabila fulani lilihama, likafika, likashinda, likatawala, kana kwamba kuingia katika nchi ni kazi ya siku moja na ya mkuki mmoja. Kwa Banyanga mambo hayakwenda hivyo. Kila mwami alitawala nchi ndogo, yenye vijiji vichache, pamoja na washauri wake waitwao bakungu; hakuna mfalme mmoja aliyepata kuwatawala wote. Mrithi wa mwami alikuwa ni mwana wa mke wa ibada aitwaye mumbo, ambaye huenda asiwe mke wa kwanza wala mpendwa zaidi. Na siku ya kutawazwa, miongoni mwa walio na kazi zao zisizoweza kufanywa na mtu mwingine walikuwamo Watwa, wale ambao mtu wa mbali angewadharau kwa kimo chao na umasikini wao. Msitu una wenyewe, na mwami hawi mwami mpaka wenyewe wameshiriki katika kumfanya. Hata sanaa ya masimulizi marefu, Banyanga huitia mkononi mwa wawindaji hao, na kusema kwamba ndiko ilikotoka.

Masimulizi hayo huitwa karisi, na mwenye kuyamiliki huitwa She-Karisi. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, mzee aitwaye Candi Rureke alimsimulia Biebuyck hekaya ya Mwindo kwa muda wa siku 12, akisema, akiimba, akicheza na kuigiza, na vijana wakimpigia magongo juu ya ufito mkavu. Biebuyck na Banyanga waliomsaidia waliandika neno kwa neno. Mmoja wao, Kahombo Mateene, alikuja kuwa bingwa wa lugha na kuiongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, na jina lake limo juu ya jalada la kitabu kilichochapishwa mwaka 1969 huko California. Hivyo kabila dogo lisilo na mji wala gazeti likaingia katika maktaba za ulimwengu kwa kinywa cha mtu mmoja wa Bese.

Mwindo ni mtoto ambaye baba yake, mwami Shemwindo wa Tubondo, hakumtaka, kwa kuwa aliwaamuru wakeze saba wazae mabinti tu. Mtoto anazaliwa akitembea na kusema. Babaye anajaribu kumwua, anamfungia ndani ya ngoma, anamtupa mtoni. Sasa tazama ni nani wanaomwokoa. Mto unamchukua mpaka kwa shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mwenye kumiliki maji. Kisha anakwenda kwa wajomba zake, ambao ni popo na wahunzi, nao wanamfua upya kwa chuma. Hatimaye Nkuba, bwana wa radi, anampandisha mbinguni na kumpa adabu kwa mvua, baridi na jua, kwa sababu ameua kiumbe kilichokuwa rafiki wa Nkuba. Naye hurudi duniani amekatazwa kuwaua wanyama hovyo, akawa mtawala mwenye utulivu. Mtoto huyu aliyezaliwa kwa mwami hapati nchi kwa haki ya baba yake, bali kwa idhini ya mto, ya wajomba, ya anga na ya wanyama. Sijui kama yupo mwanatarehe aliyeeleza vizuri zaidi jinsi wageni wanavyokuwa wenyeji.

Mwishoni mwa karne ya 19 dunia nyingine iliwafikia. Kutoka Lualaba walipanda Waungwana wa Manyema na mabwana zao wa pwani, wakitafuta pembe na watumwa, na nyuma yao wakaacha vilio, na pia Kiswahili hiki ambacho leo Munyanga na Muhunde hukitumia wanapokosa kuelewana. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen, akitoka Rwanda baada ya kuupanda Nyiragongo, alipita msitu huu akishuka kuelekea Lualaba. Kisha wakaja Wabelgiji, ambao hawakuwa na subira na nchi ndogo ndogo za wami, wakaziunganisha, wakatia mipaka kwa kalamu pale palipokuwa na mipaka ya vijito na ahadi.

Na ni hao waliobadili maana ya kuhama. Kati ya mwaka 1937 na 1955, chini ya Ujumbe wa Uhamiaji wa Banyarwanda, serikali ya kikoloni ilileta Masisi watu wapatao 85,000 kutoka Rwanda, iliyokuwa na njaa na msongamano, ili wapate ardhi na mashamba ya wazungu yapate wafanyakazi. Huko Gishari wakapewa utawala wao wenyewe, utawala uliofutwa mwaka 1957. Familia hizo hazina hatia; waliitwa, wakaja, wakalima, wakazika wazee wao hapo, na wajukuu wao hawana kwao kwingine. Lakini tofauti na uhamiaji wa kale ni dhahiri. Zamani mgeni alimwendea mwami, akaomba, akapewa kilima, akaleta sehemu ya mavuno, akaoza binti, na baada ya vizazi viwili hapakuwa na aliyemwuliza alikotoka. Safari hii mgeni alikuja na karatasi yenye mhuri, na mwenyeji hakuulizwa ipasavyo. Basi ile kazi ya polepole ya kugeuka ndugu, iliyofanywa na ndizi, mahari na mazishi, haikupewa nafasi. Mwezi Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, wilayani Walikale, yakaenea Masisi yote, na maelfu ya watu wa pande zote wakafa. Tangu hapo nchi haijapata kupumzika kwa muda mrefu.

Nyabiondo, kwa kuwa ni mlango, hupigwa kila mlango unapogombaniwa. Vita vya mwaka 2025 viliishika njia hiyo tena, na mwezi Machi mwaka huo mji wa Walikale wenyewe ukaangukia mikononi mwa waasi kwa muda wa majuma mawili hivi. Katika miaka hii ya taabu, kila njia ilipofungwa kwa risasi upande mmoja, watu wa Masisi na Walikale wamekimbilia upande wa pili: wengine ndani zaidi ya msitu, na wengine mashariki, kwa njia ile ile waliyojia mababu, mpaka katika makambi yaliyotandazwa juu ya mawe meusi ya Goma. Mawe hayo yalimwagwa na Nyiragongo, mlima uliolipuka mwaka 1977, na 2002, na 2021. Mpaka mwanzo wa mwaka 2025 turubai zilipigwa juu ya mwamba usiokubali kigingi, na mtoto aliyezaliwa chini ya miti, ambaye bibi yake alimwambia kwamba moto wa wafu uko mbali sana mashariki, akitoka nje usiku kukojoa aliinua macho na kuona wingu jekundu limesimama juu ya paa za mji.